Mwongozo kamili: Kuotesha nanowaya za oksaidi ya zinki kwenye kioo, ndani ya maji ya nyuzi 90

Kuotesha nanowaya za oksaidi ya zinki, yaani vijiti vya fuwele vyembamba mno visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, ni zoezi ambalo makala za kitaalamu hulieleza kwa sentensi tatu nne, na ndiyo maana wanafunzi wengi hukwama. Maswali yanayonifikia yanafanana. Kioo kimetoka kitupu. Kioo kimejaa unga mweupe unaofutika kwa kidole. Nanowaya zimeota, lakini zimelala ovyo, kila moja upande wake.

Karibu wote wanaouliza wameshabadilisha muda, joto na kiasi cha zinki. Wachache mno wamegusa hatua za kabla ya kupasha moto, na huko ndiko kazi inakoharibikia.

Mwongozo huu ni wa maabara ya chuo yenye vifaa vya kawaida. Usiufanyie jikoni nyumbani. Sababu utaziona hapo chini.

## Mahitaji

Vipimo ni vya chupa moja ya mililita 100 na vipande viwili vya kioo.

Kemikali

- Asetati ya zinki yenye maji mawili ya fuwele, gramu 0.055, kwa ajili ya mbegu
- Ethanoli safi ya asilimia 99 au zaidi, mililita 50 za kuyeyushia na nyingine kama 100 za kusuuzia
- Naitreti ya zinki yenye maji sita ya fuwele, gramu 0.744
- Heksamini, gramu 0.350. Kwenye lebo huandikwa pia kwa fomula yake, (CH2)6N4
- Asetoni ya kusafishia
- Maji yaliyokenekwa, au bora zaidi yaliyoondolewa ioni, lita moja

Vifaa

- Vioo vya hadubini vilivyokatwa vipande vya milimita 25 kwa 25
- Chupa ya kioo ya maabara yenye kifuniko cha kukaza kinachovumilia joto
- Mizani inayosoma hadi miligramu moja
- Beseni la maji ya moto lenye kidhibiti joto, au oveni
- Hotipleti au tanuri inayofika nyuzi 350
- Pipeti, kibano, kipimajoto, na kichujio cha bomba la sindano chenye vitundu vya mikromita 0.45 au 0.2 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita)
- Utepe mweupe wa Tefloni, ule ule wa mafundi bomba
- Kabati la kufyonza mvuke, glavu, miwani ya kinga na koti

Mambo mawili kabla hujapima chochote.

La kwanza ni naitreti ya zinki. Kemikali hii hunywa unyevu wa hewa, na huyeyuka yenyewe ikifika nyuzi 36 hivi. Stoo ya Dar es Salaam au Mombasa isiyo na kiyoyozi inakaribia kiwango hicho mwezi Januari. Ukikuta chembe zimeshikana na kuwa kama barafu iliyolowa, gramu unayopima ina maji ya ziada na zinki pungufu. Ihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa chenye kifyonza unyevu, na uitenge na chochote kinachoshika moto kwa sababu huchochea uwakaji.

La pili ni maji. Ya bomba hayafai, na ya kisima hayafai zaidi, kwani chumvi na kabonati zilizomo hushindania zinki. Kama maabara haina mtambo wa kukeneka, maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanaweza kutumika, ila soma lebo vizuri: chupa za asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo na hufanana nayo. Yapime kwa njia rahisi. Dondosha tone moja kwenye kioo safi, liache likauke, kisha litazame dhidi ya mwanga. Likiacha duara jeupe, maji hayo yana chumvi. Tafuta mengine.

## Kinachotokea ndani ya chupa

Sehemu hii usiiruke, maana kila hatua inayofuata imejengwa juu yake.

Heksamini ikiwa ndani ya maji baridi hukaa tulivu. Ikipashwa moto huvunjika polepole na kutoa formaldehaidi na amonia:

(CH2)6N4 + 6H2O → 6HCHO + 4NH3

Amonia ikikutana na maji hutoa ioni za haidroksaidi. Ioni hizo hukutana na ioni za zinki, na mwisho wake ni oksaidi ya zinki na maji. Neno la kushika hapo ni *polepole*. Ukitumia sodiamu haidroksaidi badala ya heksamini, zinki yote hudondoka mara moja kama ute mweupe. Heksamini hutoa haidroksaidi kidogo kidogo, na fuwele hupata muda wa kujipanga.

Fuwele ya oksaidi ya zinki ina umbo la nguzo ya pembe sita. Ncha zake si sawa na mbavu zake: upande wa kichwa umejaa chaji na hupokea atomi mpya kwa haraka, ilhali mbavu zimetulia na hupokea taratibu. Ndiyo sababu fuwele hurefuka kuliko inavyonenepa. Huhitaji kuisukuma, ukiipa zinki kwa kiasi, itarefuka yenyewe.

Kuna pia njia nyingine ya kupata nanowaya majini, ambapo fuwele ndogo zilizokwisha kuumbwa husogeleana, hugeuzana hadi nyuso zao zilingane, kisha hushikana. Mwaka 2002 watafiti Tang, Kotov na Giersig walionyesha hilo kwa chembe za kadimiamu teluraidi. Walipopunguza molekuli zilizozivisha chembe hizo, zilijipanga mstari ndani ya maji kwa siku kadhaa na kuungana kuwa waya. Kwa mwanafunzi siipendekezi, kwa kuwa kadimiamu ni sumu na kazi yake haivumilii kosa. Lakini inafundisha jambo linalotuhusu: uso wa fuwele ukiwa mchafu au umefunikwa, hakuna kinachoshika juu yake.

Sasa fanya hesabu hii. Zinki iliyomo kwenye mililita 100 zetu inatosha kutengeneza miligramu 200 hivi za oksaidi. Tabaka zima la nanowaya zenye urefu wa mikromita 2 kwenye kipande chako halizidi miligramu chache. Zinki iliyobaki huenda kwenye kuta za chupa, kwenye unga unaotuama chini, au hubaki imeyeyuka. Kwa hiyo anayepata kioo kitupu hajapungukiwa zinki. Zinki yake imeshika mahali pengine. Kuongeza gramu kunazidisha unga tu.

Kila hatua hapa chini ina shabaha hiyo moja: zinki ishike kwenye kioo kabla haijapata nafasi ya kushika katikati ya maji.

## Hatua ya 1: Safisha kioo

Chovya vipande kwenye asetoni, kisha ethanoli, kisha maji safi, dakika 10 kila kimoja. Kama kuna mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti, itumie. Kausha kwa hewa safi ya kupuliza, si kwa karatasi ya shashi, kwani huacha nyuzi. Asetoni na ethanoli hushika moto, basi hotipleti iwe imezimwa.

Dalili ya kufaulu: maji yanatandaa kwenye kioo kama utando mmoja bila kukusanyika matone. Yakikusanyika, bado kuna mafuta. Rudia.

Toka hapa shika kioo kwa kibano, pembeni tu.

## Hatua ya 2: Panda mbegu

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Mbegu ni fuwele ndogo mno za oksaidi ya zinki, zenye upana wa nanomita chache (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita), zilizokaa juu ya kioo huku kichwa kikiangalia juu. Nanowaya huendeleza mpangilio wa mbegu iliyo chini yake. Mbegu ikikaa wima, waya husimama wima. Mbegu ikilala upande, waya hulala upande, na hakuna joto wala muda utakaouinua.

1. Yeyusha gramu 0.055 za asetati ya zinki kwenye mililita 50 za ethanoli. Huo ni ukolezi wa milimoli 5 kwa lita. Koroga hadi usione chembe hata moja. Ikichelewa kuyeyuka, pasha hadi nyuzi 50 au 60 kwa kutumia maji ya moto. Usitumie moto wa wazi.

2. Weka alama nyuma ya kioo, kwenye kona, kwa kalamu ya almasi. Kioo chenye mbegu hakitofautiani kwa macho na kisicho na mbegu, na ukishakigeuza mara mbili mkononi hutajua upande upi ni upi.

3. Dondosha myeyusho kama mililita 0.2 ufunike uso wote. Subiri sekunde 10.

4. Suuza kwa ethanoli safi, kisha kausha kwa hewa ya kupuliza.

5. Rudia namba 3 na 4 hadi zitimie mara tano.

6. Weka kioo kwenye hotipleti au tanuri ikiwa bado baridi, pandisha hadi nyuzi 350, kaa hapo dakika 20, kisha acha ipoe yenyewe. Kioo cha kawaida huvumilia joto hilo, ila hupasuka kikishtuliwa.

7. Rudia mzunguko mzima, namba 3 hadi 6, mara moja zaidi.

Wengi huruka kusuuza kwa kuona kwamba wanaondoa kile walichokiweka. Ndivyo ilivyo, na ndivyo inavyotakiwa. Kinachobaki baada ya kusuuza ni tabaka jembamba lililong'ang'ania kioo lenyewe, na tabaka hilo ndilo linalozaa mbegu zilizosimama. Ukiacha myeyusho ukauke bila kusuuza, asetati hujikusanya kuwa gamba. Gamba likichomwa hupasuka, mbegu zake huelekea kila upande, na nanowaya utakazopata zitabanduka pamoja nalo.

Kosa lingine ni joto. Asetati inahitaji zaidi ya nyuzi 200 ili ivunjike na kuwa oksaidi. Hotipleti nyingi husoma 350 kwenye skrini ya namba huku uso wake uko chini ya hapo kwa makumi ya nyuzi. Hakiki kwa kipimajoto cha uso. Mbegu ambayo haikuungua vya kutosha huyeyuka na kuondoka mara tu inapoingia majini.

Usitumie spiriti ya dukani yenye rangi. Rangi na vitu vingine vilivyotiwa humo hubaki kwenye kioo.

Dalili ya kufaulu: kioo kinaonekana kitupu na kiangavu. Ukiona ukungu mweupe au rangi za upinde wa mvua, tabaka ni nene. Safisha kwa siki, suuza sana, anza tena.

## Hatua ya 3: Tayarisha chupa

Chupa iliyokwisha kutumika kwa kazi hii ina utando wa oksaidi ya zinki kwenye kuta, hata kama huuoni. Utando huo ni mbegu, na una eneo kubwa kuliko kioo chako mara nyingi. Ukiuacha, ndio utakaokula zinki.

Jaza siki au asidi haidrokloriki iliyozimuliwa sana, acha dakika 15, sugua, kisha suuza kwa maji safi mara kadhaa hadi usibaki uchachu wowote. Asidi ikibaki itayeyusha mbegu zako.

Chemsha maji yako safi dakika 10 na uyaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Maji ya kawaida yana hewa iliyoyeyuka ndani yake. Yakipashwa, hewa hiyo hutoka kama vipovu na kuganda kwenye uso wa kioo, na pale kipovu kilipokaa hapaoti kitu. Yale maduara matupu yanayoonekana kwenye sampuli za wengi ni alama za vipovu.

## Hatua ya 4: Changanya myeyusho

1. Yeyusha gramu 0.744 za naitreti ya zinki kwenye mililita 50 za maji.

2. Kwenye bika nyingine, yeyusha gramu 0.350 za heksamini kwenye mililita 50.

3. Pitisha kila kimoja kwenye kichujio cha bomba la sindano. Vumbi lililomo majini hufanya kazi ya mbegu pia, na hutaki mbegu zinazoelea.

4. Changanya viwili hivyo ndani ya chupa vikiwa bado baridi. Sasa una milimoli 25 kwa lita za kila kimoja.

Tazama kwa makini. Mchanganyiko unatakiwa uwe mwangavu kama maji ya kunywa, na pH yake iwe kati ya 6.5 na 7 hivi. Ukigeuka maziwa papo hapo, kabla ya moto, kuna kitu cha kibesi kimeingia: mabaki ya sabuni kwenye bika, maji yenye kabonati, au heksamini iliyokaa sana ikaanza kunuka amonia. Usiendelee kwa matumaini kwamba joto litarekebisha. Mwaga kwenye chombo cha taka na utafute chanzo.

Tumia mchanganyiko siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 5: Ingiza kioo, uso wenye mbegu ukitazama chini

Hili ndilo jibu la nusu ya barua ninazopokea.

Hata ukifanya kila kitu sawasawa, baadhi ya zinki itashika katikati ya maji na kuwa unga. Unga huo hushuka kwa uzito wake. Kioo kikilala chali, uso wenye mbegu juu, unga wote hukiangukia, hufunika mbegu, na kuziba njia ya ioni. Utakachokiona mwisho ni mavumbi yaliyolala juu ya nanowaya fupi.

Kiegemeze kioo kwenye ukuta wa chupa kwa mwinamo mkali, alama yako ya almasi ikiwa juu na mbegu zikitazama chini. Kama hakitulii, kifunge ukingoni kwa kipande cha utepe wa Tefloni na ukining'inize. Utepe mwingine wowote huachia gundi kwenye maji ya moto. Uso wenye mbegu usiguse ukuta wala sakafu ya chupa. Uachie angalau milimita 5 za maji.

Kiingize kikiwa kimeinama, si bapa, ili kisibebe hewa chini yake. Kisha kaza kifuniko.

## Hatua ya 6: Pasha hadi nyuzi 90, saa tatu

Beseni liwe limeshafika nyuzi 90 kabla ya kuingiza chupa. Ukipanda nalo taratibu kutoka baridi, chupa hukaa muda mrefu kwenye joto la kati na hutajua muda halisi wa kuota.

Chupa ya mililita 100 haifiki nyuzi 90 mara moja. Weka pembeni yake chupa pacha yenye maji matupu na kipimajoto ndani, na uanze kuhesabu saa zako pale pacha inapopita nyuzi 85. Wanaohesabu tangu chupa ilipoingia hupata nanowaya fupi, kisha huilaumu kemikali.

Kwa walioko Nairobi na nyanda za juu: maji kwenu huchemka karibu nyuzi 94 au 95, hivyo nyuzi 90 iko jirani mno na mchemko. Beseni likipitiliza kidogo tu, litachemka, litatikisa chupa na kuleta vipovu. Tegesheni 88 na mlindeni kidhibiti. Hasara yake ni ndogo.

Baada ya dakika 20 hivi, tazama kama kuna vipovu kwenye uso wa kioo. Vikiwepo, gonga ukuta wa chupa polepole kwa ukucha vitoke. Baada ya hapo usiitikise tena.

Kati ya nusu saa na saa moja maji yataanza kuwa na ukungu, na baadaye unga mweupe utatuama chini. Hilo ni jambo la kawaida, usikatishe. Cha kutia shaka ni maji kuwa mazito kama maziwa ndani ya dakika chache, maana hapo zinki imeshika majini mapema mno.

Umeme ukikatika: beseni kubwa lenye maji mengi na kifuniko hushika joto muda mrefu kuliko oveni. Likifunikwa kwa blanketi, katizo la dakika 10 au 15 halitaharibu kazi. Likizidi hapo na joto likashuka chini ya 80, toa kioo, suuza, na uendelee baadaye kwa myeyusho mpya. Maeneo yenye mgao wa mara kwa mara, beseni lishinde oveni.

Onyo: usifungue chupa ikiwa moto nje ya kabati la kufyonza mvuke. Heksamini yote ya humo ikivunjika, hutoa karibu gramu 0.45 za formaldehaidi, gesi inayochoma macho na koo na inayosababisha saratani. Haivunjiki yote ndani ya saa tatu, lakini kiasi kinachotoka hakipaswi kuvutwa na mtu yeyote. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kusema kazi hii si ya jikoni.

### Ukitaka nanowaya ndefu zaidi

Saa tatu hutoa urefu wa mikromita 1 hadi 2 na unene ambao mara nyingi huangukia kati ya nanomita 50 na 150. Kuacha chupa ile ile usiku kucha hakuleti urefu unaoutarajia. Zinki iliyoyeyuka imepungua, ukuaji umekaribia kusimama, na unga unazidi kutua.

Badilisha myeyusho kila baada ya saa tatu. Uwe na chupa mpya iliyo tayari, hamisha kioo kikiwa bado kimelowa, na uendelee. Wanaohitaji mikromita 15 na zaidi huongeza polima iitwayo polietilenimini, ambayo huzuia unga kuumbika majini na kupunguza unene wa mbavu, lakini jaribu hilo ukishamudu njia ya kawaida.

## Hatua ya 7: Toa, suuza, kausha

Toa chupa kwenye beseni, iache dakika chache ndani ya kabati la kufyonza mvuke, fungua, na uvute kioo kwa kibano. Usikiache kipoe humo hadi kesho. Unga unaendelea kutua.

Suuza papo hapo kwa mkondo wa maji safi kwenye uso wenye nanowaya, kwa mshazari. Unga uliolala juu huondoka, nanowaya zilizoota hubaki. Malizia kwa ethanoli, kisha kausha kwa hewa. Ethanoli mwishoni ina sababu yake: maji yakikauka huvuta kwa nguvu vichwa vya waya zilizo jirani, na waya ndefu hukusanyika mafungu mafungu. Ethanoli huvuta kwa nguvu ndogo zaidi.

Kama sampuli ni ya kihisi cha gesi au kifaa chochote cha umeme, ichome tena kwa nyuzi 400 kwa nusu saa ili kuondoa mabaki ya heksamini kwenye nyuso za waya.

## Utajuaje umefaulu?

Kwa macho. Uso una weupe laini, sawia, kama kioo kilichopuliziwa pumzi ambayo haikauki. Pasiwe na mabaka wala chembe zinazoonekana.

Kwa kidole chenye glavu. Gusa kona moja kidogo. Unga hufutika wote na kuacha kioo safi. Tabaka la nanowaya hukwaruzika lakini haliondoki kama vumbi.

Kwa siki. Dondosha tone ukingoni. Weupe unatakiwa uyeyuke kimya kimya. Ukiona vipovu, umetengeneza kabonati ya zinki, na lawama iende kwenye maji yako.

Kwa eksirei, yaani kutazama ni kwa pembe zipi fuwele hurudisha miale. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kabla ya picha. Kwa mashine yenye mrija wa shaba, unga wa oksaidi ya zinki hutoa vilele vitatu karibu na pembe za nyuzi 31.8, 34.4 na 36.3, na kile cha 36.3 ndicho kirefu. Nanowaya zikisimama wima, kilele cha 34.4 huwazidi wenzake kwa mbali sana. Kama kwenye sampuli yako 36.3 bado ni kirefu, mbegu zililala. Rudi hatua ya 2.

Kwa hadubini ya elektroni. Muda wa mashine ni ghali, kwa hiyo peleka sampuli zilizofaulu vipimo vya juu tu. Paka kioo tabaka jembamba la dhahabu au kaboni, kwa sababu kioo hakipitishi umeme na picha itaungua kwa chaji. Omba picha mbili: moja ya juu, uone vichwa vya pembe sita, nyingine ya ubavu, kwenye ukingo uliovunjwa upya. Picha ya juu peke yake haikuambii urefu.

## Dalili za kushindwa na pa kurudi

*Kioo kitupu, unga mwingi chini ya chupa.* Mbegu hazipo, au ziko upande mwingine. Angalia alama yako kwanza. Ikiwa upande ni sahihi, pima joto halisi la hotipleti.

*Kioo kitupu, unga hakuna, maji mangavu.* Joto halikufika, au heksamini haikupimwa sawa. Kama uliosha chupa kwa asidi, pima pH.

*Nanowaya nene kama penseli, chache, zimeachana.* Mbegu ni haba. Kila mbegu imepata zinki nyingi na nafasi ya kunenepa. Ongeza mizunguko ya kudondosha, usiongeze ukolezi wa asetati.

*Upande mmoja umeota, mwingine la.* Kioo kiligusa ukuta, au myeyusho wa mbegu haukufika kote kwa sababu ya mafuta. Hatua ya 1 inaamua.

*Zote zimelala.* Hukusuuza baada ya kudondosha, au ulisuuza baada ya asetati kukauka.

Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio. Ukibadilisha viwili na sampuli ikapona, hujui ni kipi kilichoiponya, na mwenzako hataweza kurudia.

## Taka

Myeyusho uliobaki una zinki, ambayo ni sumu kwa samaki na viumbe wa majini, pamoja na formaldehaidi. Usiumwage kwenye sinki. Uache ukae ndani ya kabati la kufyonza mvuke hadi unga utuame, chuja, weka unga na maji kwenye vyombo viwili vyenye lebo ya yaliyomo na tarehe, kisha vikabidhi kwa msimamizi wa taka za kemikali wa chuo. Ethanoli na asetoni zilizotumika ziwekwe chombo chao peke yao, mbali na naitreti.